Kazi Yangu Ilikuwa Kukagua Vikombe

Rangi ya mdomo ina harufu ya mshumaa. Ninyi wenzangu mnaoipaka Jumapili hamsikii tena, mmeizoea. Mimi naisikia tangu mlangoni. Mwezi uliopita, siku ya ubatizo wa mtoto wangu wa pili, wifi yangu alinikalisha kitini, akafungua kijiti chake, akanishika kidevu ili anipendezeshe kabla wageni hawajafika. Nilimpiga mkono. Kijiti kikaanguka, kikavunjika, na siku nzima nikawa yule mwanamke aliyesoma mpaka ameota pembe. Nilikata mkate, nikamimina bia, na jioni nikaosha glasi. Kila glasi aliyonywea mwanamke ilikuwa na alama nyekundu ukingoni, na kila alama ilinitia hamu ya kuitupa glasi ukutani. Walikuwa wamekula, wamekunywa, wamecheka, wameacha midomo yao kila mahali, na hakuna aliyewauliza kitu. Basi naandika. Nina hasira na sitaifunika kitambaa.

Tulikaa Kamalondo, mtaa wa weusi katika mji wa shaba enzi za Wazungu, katika parseli, yaani kiwanja, kimoja na familia nyingine: nyumba mbili za matofali, bomba moja, jikoni mbili nyuma. Baba yangu alikuwa karani wa reli. Mama yangu, Filomena, alitoka kwao upande wa Kabongo kuja kuolewa naye, na nje ya ua ule hakuwa na ndugu wala rafiki. Kabla yangu walizaliwa wawili, wakafa. Baada yangu hakuja mwingine. Kwa hiyo nilikuwa mtoto peke yangu, ila sikulijua hilo, kwa sababu kulikuwa na saa ya kula.

Saa ya kula ilikuwa hivi. Mama alimpelekea baba bukari yake, ugali wa kwetu, chumba cha mbele, akapiga goti, akaiweka mezani, akatoka. Kisha sisi tulikaa mkekani nyuma ya jikoni pamoja na jirani yetu Mama Veronika, ambaye mume wake alifanya kazi kwenye tanuru za shaba, na watoto wake watatu. Sinia moja la bukari, bakuli moja la sombe ya majani ya muhogo, samaki wakavu na vichwa vyao. Vidole viliungua. Upepo ukileta moshi wa kiwanda tulikohoa wote pamoja, tukaendelea. Mama Veronika aliwaiga waume wa mtaa mzima, jinsi wanavyotembea siku ya mshahara na jinsi wanavyotembea kesho yake, na mama yangu alicheka mdomo umejaa, kichwa chake begani kwa mwenzake. Kicheko hicho ndicho nilichonacho, sikupata kingine.

Baba alipopita kwenda chooni, wanawake wote wawili waliacha kutafuna. Walikaa na tonge shavuni, macho chini, mpaka apite. Baba naye alipita akitazama ukuta. Nilidhani ni mchezo, nami nikaacha kutafuna. Hakuna aliyenieleza kwamba mama alifundishwa na shangazi zake, siku za kuolewa, kuwa mwanamke hafungui kinywa kula mbele ya mume wake, kama asivyovua nguo sokoni. Wala hakuna aliyenieleza kwamba baba naye, huko huko kwao, alifundishwa kutotazama.

Halafu baba akaomba karte. Ninyi wa umri wangu mnaijua, baba zenu waliitaka au waliicheka: karte ya mtu mweusi aliyekubaliwa kuwa mstaarabu, mtu ambaye hatachapwa kiboko tena. Baba alikuwa amechapwa. Sikuona, niliona tu mama akimkanda mgongo kwa maji ya moto na yeye akiuma ukingo wa shati. Nasema hili ili msidhani aliitaka kwa majivuno. Lakini sisemi ili mumsamehe.

Bwana Daniel, karani mwenzake aliyekwisha kuipata, alikuja kumweleza tume ya Wazungu inatazama nini ikifika nyumbani. Inatazama choo, inatazama mashuka, inatazama kama kuna kitabu. Zaidi ya yote, alisema, inatazama bibi, yaani mke.

"Kama bibi anakulia ku jikoni na batoto, bon, karte inafwa pale pale. Bibi aikale ku meza na weye, akule, akunywe, bamuone."

Akasema pia kwamba bibi yake alipaka rouge, rangi ya mdomo, siku ile, na Wazungu walifurahi. Na akaongeza neno alilolipata kwa Madame anayewafundisha wanawake kushona: mwanamke aliyestaarabika hula na kunywa na rangi yake mdomoni, na haiachi kwenye kikombe. Sijui kama Madame alilisema kweli au ni Bwana Daniel aliyelitengeneza njiani. Baba alilichukua kama amri ya ofisini.

Jioni moja alirudi na kijiti kutoka duka la Mgriki. Alimpaka mama kwa mkono wake mwenyewe, chini ya dirisha, ncha ya ulimi imemtoka kama mtoto anayejifunza kuandika. Mama alifumba macho. Ndipo niliposikia ile harufu ya mshumaa mara ya kwanza, nikadhani ni kitu cha padri, kwamba mama anabarikiwa.

Tangu siku hiyo tulikula mezani watatu, saa kumi na mbili, viatu miguuni, uma mkono wa kushoto. Vikombe vilikuwa vyeupe na mstari wa buluu. Mimi nikapewa kazi.

"Weye uko na macho ya muzuri," baba aliniambia. "Kisha kukula, unapeleka kikombe ya mama ku dirisha. Kama unaona rouge, unaniambia. Kama hauone, unapata sukari."

Mtoto wa miaka saba hapewi cheo kila siku. Niliishika kazi yangu vizuri kuliko karani yeyote. Nilikizungusha kikombe kwenye mwanga, polepole, nikitafuta hata ule ukungu mwembamba wa rangi, na siku za mwanzo sikuhitaji kutafuta, maana ilikuwa kila mahali: kikombeni, kwenye uma, kwenye mkate, kwenye kidole alichojipangusia. Nikasema, "Iko rouge, Papa." Kila siku nilisema. Baba alivuta pumzi, akamwambia mama bila kuinua macho kutoka sahani yake mwenyewe kwamba tutarudia kesho. Hakupiga kelele hata mara moja. Angepiga kelele, labda mama angejibu.

Mkeka wa nyuma ukakatazwa. Tume ingeweza kufika siku yoyote bila kutuma habari, na baba hakutaka mke wake akutwe chini, vidole kwenye bukari. Mchana mama alibaki ndani akipiga pasi vitambaa vilivyokwisha pigwa pasi. Mama Veronika alivumilia wiki ya kwanza. Wiki ya pili, mama alipotoka kuteka maji na rangi yake mdomoni, jirani alimpisha bombani na kuinama kama mbele ya Mzungu.

"Yambo, Madame. Leo Madame anakula, ao ananusa tu?"

Watoto wake wakacheka. Mama alijaza ndoo yake, akaingia ndani. Baada ya hapo Mama Veronika hakumtania tena, na huko kutotaniwa kulikuwa kubaya zaidi. Mimi nilipiga magoti kwenye kiti kando ya dirisha la nyuma, nikawaangalia wakila. Niliwajua kwa vidole: huyu anachukua pembeni, yule anaiba samaki. Walijua niko pale. Hakuna aliyeinua kichwa. Mle ndani ya nyumba, mama alikuwa chumba kimoja na mimi, hatua nne kati yetu, na hatukuwa na la kuambiana. Ningemwambia nini? Mimi ndiye niliyemsema kila jioni.

Siku moja nikiwa nimelala mchana niliwasikia kupitia pazia. Baba alikuwa akiongea taratibu, kama anayesoma.

"Kama banakatala juu ya weye, Filo, utarudia kwenu. Sina ya kufanya."

Nililala pale pale nikiangalia pazia, na kitu kimoja tu kiliingia kichwani mwangu na kukaa: kikombe kikiwa safi, mama anabaki. Hakuna aliyeniambia hivyo, nilijitungia. Kwa hiyo nikaanza kuomba. Nilipokibeba kikombe kwenda dirishani niliomba Salamu Maria moja, na nilipokizungusha, ya pili.

Na kikombe kikatakata. Sio kwa mara moja. Alama ilififia, ikawa kama unyuzi, na jioni moja hapakuwa na kitu. Nyeupe na mstari wa buluu tu. "Haina kitu, Papa," nikasema kwa furaha, na sukari ikaja. Kesho yake tena. Wiki nzima. Sala zangu zilikuwa zimefika. Nilikuwa na hakika mama amejifunza namna ya kunywa bila kugusa, namna wanayoijua Wazungu, na kwamba akinikumbuka siku moja atanifundisha.

Kikombe kilikuwa kizito. Hilo ndilo nitakalolibeba mpaka nife. Kikombe nilichokipeleka dirishani kilikuwa kimejaa chai mpaka juu, ilinibidi nikibebe kwa mikono miwili, na sahani yake ilikuwa na nyama imekatwa vipande vidogo vidogo, vimesogezwa upande huu na upande ule, vyote vipo. Niliviona. Lakini baba alikuwa ametufundisha kuwa mtu mstaarabu halambi sahani, huacha kidogo, na mimi nikahesabu kwamba anayeacha kidogo ni mstaarabu kidogo, na mama yangu, anayeacha vyote, amewapita wote. Baba aliniuliza kuhusu rangi. Hakuniuliza kama kikombe kimejaa. Naye mwenyewe hakuona, kwa sababu kwa miezi yote ile, akiwa mkono mmoja kutoka kwake, hakuinua macho kumtazama mke wake kinywani. Aliona haya. Aliwataka Wazungu wamtazame, akanituma mimi nimtazame, na yeye akatazama sahani.

Pete ya ndoa ilianza kumvuka mama. Aliizungushia uzi ili isianguke. Nikaupenda ule uzi, nikadhani ni pambo.

Tume ilifika Jumamosi: padri mmoja, bwana mmoja wa ofisi mwenye karatasi zake, na Madame aliyevaa kofia. Walitazama choo, walitazama mashuka, wakafungua kabati. Baba alitembea nyuma yao, jasho limemlowesha kola. Kisha tukakaa mezani, chai, mkate, siagi. Padri alikula vipande vitatu, akasifu. Madame alikunywa chai yake akiongea. Rangi yake ya mdomo ilikuwa nyekundu kuliko ya mama. Mama alikaa wima. Aliinua kikombe, akakishusha, akakiinua, akakishusha, mzuri kama picha. Bwana wa ofisi aliandika kitu, akatikisa kichwa kukubali. Nilimwona baba akipumua. Ilikuwa imekwisha. Mama anabaki.

Madame akaweka kikombe chake chini, na mimi nikafanya kazi yangu. Ninyi mnaoniuliza kwa nini sipendi watoto wasifiwe mbele ya wageni, sababu ni hii. Niliteremka kitini, nikachukua kikombe cha Madame, nikakipeleka dirishani, nikakizungusha. Kulikuwa na mdomo mzima pale, juu na chini.

"Papa, ya Madame iko rouge."

Hakuna aliyesogea. Baba alikuwa ameinua mkono nusu, ukabaki hewani. Madame alikitazama kikombe, shingo ikamwiva, kisha akacheka, na nadhani alicheka kwa wema, alitaka kunitoa kwenye aibu ambayo sikuwa nayo. Akaniuliza, na kikombe cha mama je? Nikafurahi. Ndilo swali nililolingojea. Nikaenda kukichukua kwa mikono yangu miwili, hatua kwa hatua ili kisimwagike, nikamwekea mbele yake. Safi, hakina doa. Kimejaa. Chai ilikuwa imepoa, maziwa yameganda juu.

Madame aliangalia chai, akaangalia sahani ya mama, kisha akamwangalia mama usoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Weye mama," akasema kwa Kiswahili chao, "sababu gani hapana kunywa?"

"Nashiba, Madame," mama akasema.

Nikaona mama hajisifu, na mimi sikutaka watu wale waondoke bila kujua. "Mama hakunywake," nikawaambia. "Hata siku moja. Anaachaka yote. Anajua sana, kupita Madame."

Bwana wa ofisi akauliza jambo kwa Kifaransa, padri akamjibu, na kalamu ikaandika tena, safari hii kwa muda mrefu. Sikuiangalia kalamu. Nilimwangalia baba, kwa sababu hatimaye baba alikuwa amegeuka na kumtazama mama: shingo, mikono, ule uzi kwenye pete. Alimtazama kama mtu aliyefika nyumbani na kukuta ukuta haupo.

Baba alipowasindikiza wageni mpaka barabarani, mama alijifuta mdomo kwa kitambaa cha meza, akavuta kikombe kilichopoa, akakinywa chote bila kupumua. Kisha akala mkate wa padri uliobaki, na siagi, kwa vidole, haraka, mgongo wake ukielekea mlango. Nilisimama kando nikingoja sukari yangu.

Barua ilikuja fupi. Mke hajazoea meza. Ombi litazamwe siku nyingine. Baba aliisoma akiwa amesimama. Hakumpiga mama, hakumtukana, alifanya alilosema. Aliomba ruhusa ya safari kazini kwake, akamwambia aende kwao kidogo, apate mwili, kisha atamwita. Mimi nitabaki kwa ajili ya shule. Stesheni mama alinifunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari. Nilimwambia anichukue. Midomo yake ilikuwa imepasuka, haina rangi yoyote.

"Ikala na yeye," akasema. "Weye njo macho yake."

Kwamba mimi ndiye macho ya baba, hakulisema kwa hasira. Hasira ningeijibu.

Baba alimwita, mniamini. Aliandika barua baada ya miezi minne, akaandika nyingine nne, na katekista wa kule alizisoma kwa sauti, kisha akajibu kwa niaba yake kwamba Filomena anasalimu, ni mzima, anakula. Katika barua zote neno hilo halikukosekana: anakula. Na kwa kuwa walifunga ndoa kanisani, baba hakuweza kuoa mwingine, na mwanamume asiye na mke mezani haendi kuomba karte. Tulikula wawili, saa kumi na mbili, viatu miguuni. Nilisikia uma wake, alisikia uma wangu. Watoto wa Mama Veronika walikua, mkeka wao ukachakaa, wakanunua mwingine. Sikuitwa kukaa hata siku moja, wala sikujua mtu anaombaje kuitwa. Baba alinipigia pasi sare za shule mpaka nilipofika kwa masista wa madarasa ya juu, ambako wasichana tulikuwa wachache, na hapo pia nilikula nikiwa nimeinamia sahani. Hakuwahi kunilaumu kwa neno nililosema mbele ya Wazungu. Hakuwahi pia kunieleza kwamba kosa halikuwa langu, na mtu anayejua kuandika barua tano angeweza kulisema hilo moja.

Mama nilimwona mara moja tu katika miaka yote hiyo, siku ya harusi yangu. Alisimama nyuma ya kanisa. Aliondoka kabla ya chakula.

Kesho yake baada ya ubatizo ule, baada ya kuosha zile glasi, nilimwambia mume wangu naenda kwa mama. Aliniuliza kama nimegombana na dada yake. Nikamwambia nimegombana na watu wengi. Nikamfunga mdogo mgongoni, nikapanda treni, kisha lori, nikafika kwa vumbi. Mama amenenepa. Ana mikono mikubwa, anacheka na wanawake wa pale. Nilimsikia kabla sijamwona, na sikukijua kicheko kile. Aliponiona alimchukua mtoto, akamnusa shingo.

Alichinja kuku. Akapika bukari, akaitenga sehemu mbili, akaniwekea yangu mbele na yake mbele, tukakaa mkekani ndani ya nyumba yake, watu wawili. Nikanawa, nikaanza. Yeye aliweka mikono magotini. Nikadhani anangoja nionje kwanza. Nikaonja, nikasifu.

"Kula, mutoto yangu," akasema. "Miye nitakula kisha."

"Mama, siangarie."

"Najua."

Alitabasamu. Hakugusa. Nilikula matonge mengine mawili nikiangalia chini, mkekani, nikiwa na hasira ya kutosha kuchoma mji mzima, na hapakuwa na mtu wa kumchoma pale, palikuwa na mama yangu na chakula chake kinapoa. Basi nikainuka. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikachukua sahani yangu, nikatoka, nikafunga mlango nyuma yangu, nikasimama nikiutazama uwanja. Kisha nikasikia sahani ikisogezwa, na baadaye kidogo mfupa wa kuku ukivunjika katikati ya meno. Sikugeuka. Alikula kwa muda mrefu.